Mlango Uliotazama Ndani

Nilikuwa na nusu ya skonzi mdomoni na jemu kidevuni nilipomkaribisha jini katika nyumba ya watu.

Nyumba haikuwa yangu, na hilo ndilo lililonitia aibu kwanza. Ya jini yalikuja baadaye. Ilikuwa ya Bibi Avis Pargeter na mumewe Lionel, wastaafu wawili wa kijiji cha Stoke Ashby, kule Suffolk. Mimi nilikuwa mchukuzi tu siku ile. Bosi wangu, Gerald Tapsell, huchonga kwa mkono samani za Kiingereza za mtindo wa kale, nami huzipaka nta, huzisugua mpaka mkono unakufa ganzi, kisha huzipandisha ngazi za wateja huku mgongo ukinikumbusha umri wangu. Tulikuwa tumewaletea kabati refu la makoti. Tumelisimamisha jikoni, karibu na mlango wa bustani, tumelifuta, tumekaribishwa chai.

Ndipo nikasikia hodi. Haikuwa kwa sauti ya mtu. Ni vifundo vya vidole juu ya ubao, taratibu, kama mtu asiyetaka kusumbua. Mimi nimelelewa Lindi, na Lindi hodi haiachwi ikaning'inia. Kabla sijafikiri nikapaza sauti pamoja na makombo yangu, "Karibu, ingia, mlango uko wazi." Nilisema kwa Kiswahili. Halafu, ili aibu ikamilike, nikarudia kwa Kiingereza.

Wote wakanitazama. Nchi ile, kumkaribisha mtu nyumba isiyo yako ni kama kufungua jokofu la watu na kuanza kuchagua.

"Naz," Gerald akasema, maana jina langu Nassibu lilimshinda tangu siku ya kwanza, "ukipata nafasi utuoneshe na vyumba vya kulala."

Lionel akacheka, akaenda kufungua mlango wa mbele. Hapakuwa na mtu. Akafungua wa bustani. Jua la Juni, waridi, paka wa jirani.

"Labda ni paka," akasema.

"Paka gani anabisha hodi, Lionel?" Avis akamwuliza. Kisha akanigeukia na kuniomba radhi, mimi, kwa kunikatizia skonzi yangu. Ndivyo alivyokuwa. Mama yule akijikwaa kwenye kiti humwomba kiti samahani.

Nilipogeuka kuchukua kikombe niliona mlango wa kabati umeachama kiasi cha kupitisha kidole. Nami nilikuwa nimeufunga mwenyewe.

Kabati lile walilitaka sana. Walikuwa wamekuja karakana mara kadhaa, Avis na miwani yake ikining'inia kifuani, na alijua kununua. Hakutazama bei wala mng'aro. Alivuta droo akazigeuza, akapitisha vidole chini ya mbao pale ambapo fundi mvivu hudhani hakuna atakayegusa, akatafuta alama za randa, akanusa. Tulikuwa nalo kabati jingine, la kale la kweli, lenye wadudu wake na ukoo wake. Akalizunguka kwa heshima, akarudi kwenye letu.

"Hili ni jipya," Gerald alimwambia, kwa kuwa hadanganyi. "Mimi nimelichonga. Ila mwaloni wake ni mkongwe kuliko kanisa lenu. Na huu wa mbele ni mlango mzima wa nyumba, kama ulivyo. Nimeukata kidogo tu ukae."

Avis akaupapasa. Pembeni, kuuzunguka wote, kulikuwa na matundu ya misumari, meusi, mengine yamepishana. Akayagusa moja moja kama mtu anayesoma.

"Nani aliyatoboa haya?"

"Historia, mama," Gerald akajibu. Alikuwa akiyapenda matundu yale. Mimi mwenyewe niliyapaka nta kwa kijiti ili yasizibe.

Sasa, kwetu kuna desturi ya kazi: mwaloni ukihamia nyumba mpya hutanuka na kusinyaa mpaka uizoee, kwa hiyo baada ya wiki chache fundi hurudi kunyoosha bawaba na kupaka nta upya. Nilirudi peke yangu na kopo langu. Avis alinifungulia mlango amevaa sweta mbili. Nje watu walikuwa wakitembea na kaptula.

"Pole kwa baridi," akaninong'oneza. "Tumewasha hita zote. Fundi wa hita kaja, anasema ni nzima. Ingia, ila usikalie kile kiti."

Kiti chenyewe kilikuwa karibu na jiko, kiti cha mikono cha babu yake Lionel, kitu cha kale hasa, mikono yake imelainika kwa kushikwa na vizazi. Lionel hakuwa amekikalia. Alikuwa kwenye kigoda kando yake, amevaa koti la baridi, magoti yamekutana, midomo ya buluu kama mtoto aliyekaa majini kupita kiasi.

"Mbona kigodani, mzee wangu?" nikamwuliza.

Akaona haya. "Nilihisi kama kuna mtu amekaa," akasema. "Nikaona si adabu kumwinua."

Avis akanivuta kando ya sinki. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Daktari kampima. Damu nzuri, moyo kama ulivyokuwa, ila joto linashuka. Kila siku linashuka kidogo. Miguu yake naiweka mapajani mwangu, Naz, naisugua kama wewe unavyosugua mbao, na haipati moto. Inanitia baridi mimi. Nitampoteza jikoni kwangu, mwezi wa sita, na jua liko dirishani."

Nikataka kusema la kumfariji, lakini pua yangu ilikuwa imeshika kitu. Harufu ya sufu iliyolowa. Sufu ya kondoo na chini yake moshi wa kuni mbichi, na chini yake tena kitu safi kikali kisicho na jina Lindi, ambacho nilikijua majira ya baridi yangu ya kwanza huko ugenini: theluji. Nikakisogelea kiti, nikaweka kiganja. Kikalio chake kilikuwa kimelowa.

Nilifanya ninachokijua. Nilikwenda kwa mama mmoja Msomali mjini Ipswich nikaleta ubani na udi, nikaufukiza jikoni kwa Avis huku nikisoma nilichokumbuka, na nilichokumbuka kilikuwa kidogo kuliko nilivyojisifu. King'ora cha moshi kikalia nyumba nzima. Nikapanda juu ya meza nikikipunga na taulo la vyombo, makalio yangu yakiwaelekea wenyeji, na Lionel akacheka, Mungu ambariki, akacheka mpaka meno yakaanza kugongana, na yalipoanza hayakuacha.

Avis akamleta kasisi wao, mwanamke mrefu mpole aitwaye Philippa. Akasali vizuri. Katikati ya sala akageukia kile kiti, akasema, "Samahani, sikujua mna mgeni," kisha akaona alichokisema, akaondoka akasahau mwavuli wake.

Mgeni akabaki. Nikafikiri, hawa ndio watu wasioweza kumwambia mgeni aondoke. Mwingereza akichoka na wewe hujipiga mapaja na kusema "Haya basi," na hapo ni juu yako kujua kwamba umefukuzwa. Lionel alikuwa akijipiga mapaja tangu asubuhi. Yule hakuwa na habari.

Nikalitazama kabati. Sikulipenda tena. Nilikuwa nimekuja kupaka nta, na fundi akiogopa hushika kazi, kwa hiyo nikafungua mlango wake, nikasukuma makoti, nikaingiza kichwa na kitambaa changu ili nianze na upande wa ndani, na hapo, puani kwangu, nikaona kwamba upande ule wa ndani haukuwa wa ndani hata kidogo, maana ulikuwa wa kijivu, umepasukapasuka kwa mvua, umeota manyoya kama nguzo ya gati, umechapwa na pepo za miaka ambayo babu wa babu yake Lionel hakuiona, na chini, kwenye usawa wa goti la mtu mzima, palikuwa na kishimo kilicholika laini, si cha mtu aliyesimama kubisha, ni cha mtu aliyebisha akiwa chini, akabisha, akabisha, kwa muda ambao sikutaka kuupima, na nilipokuwa nimeinama vile kichwa kikiwa gizani nikasikia nyuma yangu, jikoni, kile kiti kikilia taratibu, kama kinavyolia kiti mtu anapogeuka ili akuone vizuri.

Nilitoka humo na koti moja kichwani. Nikampigia Gerald simu.

Akaja na vumbi la mbao bado kwenye nyusi. Nikamwonesha.

"Niliugeuza," akasema. "Upande wa nje ulikwisha kwa mvua, nani angeutaka jikoni? Nikauweka mzuri mbele, mbaya ndani. Kila mtu hufanya hivyo."

"Kwa hiyo nje ni humu kabatini."

"Naz, hili ni kabati."

"Na aliyekuwa nje?"

Gerald akatazama kiti, akaona maji yakidondoka vigaeni, tone, tone, hakuna aliyemwaga.

"Na matundu ya misumari, Gerald?"

Akajikuna shingo. "Waliobomoa nyumba ya shamba ulikotoka walisema mlango ulikuwa umepigiliwa. Misumari ilipigwa kutoka upande wa ndani." Akapunguza sauti. "Hawakujua nani wala lini. Sikuuliza. Nilipenda matundu."

Avis alikuwa amesikia. Alikuwa amepiga magoti mbele ya Lionel, mikono imeshika miguu yake, na Lionel sasa hakuwa akitetemeka tena. Hilo ndilo lililotutisha. Macho yake yalikuwa yanafumba, uso umetulia kama wa mtu aliyekubali.

"Lionel. Lionel, mpenzi, niangalie."

"Acha akae kidogo, Avis," akasema kwa taabu. "Amechoka."

Avis akainuka. "Atatokaje?" akaniuliza mimi, mtu aliyeleta balaa kwa mdomo wake.

"Kwetu mgeni hutokea mlango alioingilia," nikasema. Sikuwa na uhakika. Nilisema kwa kuwa alihitaji jibu.

Gerald akatoa bisibisi. Nilimwona akifungua bawaba zake mwenyewe, alizozifua mwenyewe. Tukaubeba ule mlango mpaka kwenye mlango wa bustani, tukaugeuza, upande wa mvua ukatazama bustani kama ulivyotazama shamba zamani, tukausimamisha kando ya kizingiti tukiacha njia. Jua lilitupiga usoni. Mgongoni kwetu kulikuwa na Januari.

"Haya basi," Lionel akasema kwa sauti hafifu, akajaribu kujipiga paja, mkono ukaanguka.

Kiti hakikutikisika.

Avis akasimama mbele yake. Niliona mabega yake yakifanya kile yanachofanya kabla hajaomba radhi, yakapanda kidogo, kisha yakashuka.

"Ondoka kwenye kiti cha mume wangu," akasema.

Kiti kikalia. Halafu juu ya vigae vikavu tukaona maji yanakuja, na hayakuja kwa nyayo, yalikuja kwa viganja na magoti, kiganja, goti, kiganja, goti, na nyuma yake mburuzo mpana kama wa pindo la nguo nzito, yakipita polepole mbele ya jiko, mbele ya meza tuliyoketi kula skonzi, mbele ya viatu vyangu, na baridi ikapanda mguu wangu mpaka nyonga, na nikanusa ile sufu kwa karibu, sufu ya mtu maskini, na mimi niliyemwita nikatamani kumwambia samahani, na Gerald akanikanyaga kidole ili nisiseme, mpaka alama ya mwisho ya kiganja ikabaki kwenye kizingiti na majani ya bustani yakalala chini, mbali kidogo, yakalala tena.

Tukausukuma ule mlango wa kabati ukajaa kwenye fremu ya mlango wa bustani. Mimi na Gerald tukauegemea kwa mabega. Nyuma yetu Lionel akavuta pumzi ndefu, akaanza kutetemeka upya, na rangi ikamrudi masikioni.

Ndipo ikapigwa hodi. Chini, usawa wa goti. Taratibu, kama mtu asiyetaka kusumbua.

Ulimi wangu, mpumbavu huyu niliyezaliwa naye, ulikuwa umekwisha kufika "Ka" pale kiganja cha Gerald chenye nta kiliponiziba mdomo.

Hodi tena. Kisha sauti, nyembamba, wala si mbaya, sauti ambayo ungeipa kiti.

"Kuna baridi huku nje."

Lionel alikuwa akilia. Alimtazama mkewe kama anayetaka kumwombea mtu.

Avis akapiga magoti juu ya vigae vilivyolowa, akasogeza mdomo wake mpaka mahali ambapo, upande wa pili, palikuwa na kile kishimo.

"Najua," akasema. "Baki huko huko."