Madawati Yaliyokaguliwa Mara Tatu

Kila asubuhi darasa la sita lilianza kwa mbio ambazo hazikuwamo kwenye ratiba. Kengele ikilia, wanafunzi sitini walivamia mlango mmoja kugombania madawati saba. Waliochelewa walikaa sakafuni na kuandikia mapajani, na mwandiko wao ulifanana na nyayo za kuku. Redio alikuwa mkaa chini wa kudumu. Jina hilo alipewa na wenzake kwa sababu, walidai, hakuwa na kitufe cha kuzimia.

Muhula huo, hata hivyo, alikuwa na tumaini. Shangazi yake, aliyeishi nao nyumba moja, alikuwa diwani, na baraza la madiwani ndilo lililogawa madawati kwa shule za umma.

"Wiki ijayo tunakuja kukagua," shangazi alimwambia siku moja akimsuka. "Ukiona jambo haliendi sawa, sema mbele ya wote. Mimi nitakuwa upande wako."

"Kweli, shangazi?"

"Nimewahi kukudanganya? Tulia, utasukwa upogo."

Mwalimu mkuu alikuwa mtu mwema, ila aliogopa aibu kuliko nyoka. Asubuhi ya ukaguzi alikusanya madawati yote mazima ya shule, ishirini tu, akayapanga darasa la nne. Wageni walipomaliza kulikagua, walipelekwa ofisini kunywa chai. Huku nyuma, darasa la sita liliyabeba madawati yaleyale hadi darasa la tano. Wageni wakalikagua, kisha wakapelekwa kutazama bustani ya shule, iliyokuwa na mche mmoja wa nyanya. Madawati yakahamia darasa la sita.

Wageni walipoingia, walikuta wanafunzi nadhifu wakihema kama farasi.

"Madawati yanatosha," karani wa baraza aliandika kwa kuridhika.

Redio alisimama. "Samahani, waheshimiwa. Haya madawati mmeyakagua mara tatu leo. Tumeyabeba sisi wenyewe." Akamgeukia diwani. "Shangazi, waambie. Si unajua mimi hukaa chini?"

Shangazi alitazama daftari lake. Akafungua ukurasa, akaufunga.

"Huyu ni mtoto wa kaka yangu," alisema polepole. "Ana homa tangu jana. Mwieni radhi."

Wageni wakacheka kwa upole. Redio akakaa. Hakuwa na homa. Alikuwa na kitu kibaya zaidi, ambacho zahanati haina dawa yake. Wiki nzima hakuongea na shangazi, na nywele akaenda kusukwa kwa jirani.

Siku ya Ijumaa, Mrefu, jirani yake wa sakafuni, alisoma tangazo ubaoni: kesho baraza lingepitisha mgawo wa madawati, na kikao kilikuwa wazi kwa wananchi wote.

"Sisi ni wananchi?" Mrefu aliuliza.

"Mimi ndiyo," Redio alijibu. "Wewe tutakuulizia."

Jumamosi asubuhi wanafunzi thelathini waliingia ukumbini wakiwa wamevaa sare. Waliwaamkia wakubwa kwa adabu, wakapita safu za viti vitupu, wakaketi sakafuni, wakaweka madaftari mapajani na kuanza kuandika.

Mwenyekiti wa baraza alivua miwani. "Wanangu, viti vipo. Mbona mmekaa chini?"

"Tumezoea, mheshimiwa," Redio alisema. "Tukikaa kitini huenda tukasahau kuandika."

Hakuna aliyecheka. Mwenyekiti alimtazama mwalimu mkuu, aliyekuwa ameketi miongoni mwa waalikwa, na mwalimu mkuu akatazama viatu vyake. Ndipo shangazi aliposimama.

"Mtoto hakuwa na homa," alisema. "Mwaka jana nililiambia baraza hili kwamba shule ya kwetu haina upungufu. Mlinipigia makofi. Niliona aibu kuyarudisha."

Mwalimu mkuu naye akakiri. Siku hiyo baraza lilipitisha madawati arobaini kwa shule ile, na likaamua kwamba kuanzia sasa ukaguzi hautatangazwa, na wazazi wawili watakuwepo kila mara.

Wakati wa kurudi nyumbani, Redio alitembea hatua tatu mbele.

"Umenikasirikia?" shangazi aliuliza.

"Ndiyo."

"Mpaka lini?"

"Sijui, shangazi."

"Una haki," shangazi alisema. "Ile shule si ya mwalimu mkuu wala si yangu. Ni ya watu wa mtaa huu, nao walinituma barazani nikaseme hali ilivyo. Baraza haliwezi kutengeneza kitu ambacho limefichwa. Nilijali sifa yangu, nikawaacha ninyi sakafuni. Kiongozi hatakiwi kufanya hivyo, na shangazi ndiyo kabisa. Nisamehe, mwanangu."

Redio alimsikiliza hadi mwisho bila kumkatiza, jambo ambalo halikuwahi kutokea. Kisha akapunguza mwendo na kumpa mkoba wake ambebee. Kumshika mkono, bado.