Mpira Puani mwa Sam

Nerima na mumewe Paddy walitengeneza sigiri, majiko ya udongo ya makaa, kijijini Masinya. Nerima alikanda udongo na makapi ya mpunga, Paddy akachoma. Zamani waliifanya kazi hiyo wakitaniana. Tangu wamzike Edgar, mtoto wao wa kwanza, Nerima alikanda tu. Watu waliendelea kumwita Mama Edgar, na kila akiitwa, moyo ulimshuka.

Asubuhi moja mtoto wao mchanga, Sam, alikataa titi. Alipumua haraka haraka. Kila akivuta pumzi, ngozi ya chini ya mbavu ilibonyea ndani.

"Ni kama Edgar," Nerima alisema.

"Usiseme hivyo," Paddy alijibu, na tayari alikuwa anaita boda.

Kwenye kituo cha afya, muuguzi Fauziya alimpima Sam, akamdunga dawa. Kisha akawasha mashine na kumwekea mpira mwembamba puani. Nerima aliutambua. Edgar alikufa na mpira kama huo puani. Muuguzi alipogeuka tu, Nerima akauchomoa.

Fauziya aliporudi, midomo ya mtoto ilikuwa inageuka rangi ya majivu. Hakufoka. Aliurudisha mpira, akaushika mwenyewe.

"Mama Edgar, mbona umeutoa?"

"Musawo," Nerima alimwita muuguzi kwa lugha ya kwao, "huo mpira unaua. Wanaowekewa wanarudi nyumbani ndani ya blanketi."

"Unajua huu mpira unaleta nini?"

"Gesi ya mashine."

"Ni hewa ya chumba hiki hiki. Hewa ina naitrojeni nyingi na oksijeni kidogo. Mapafu ya Sam yanaumwa, hiyo kidogo haimtoshi. Ndani ya mashine mna punje kama za mtama, zinaitwa zeolaiti. Zina matundu. Naitrojeni inanaswa humo, oksijeni inapita, inakuja kwa mtoto. Halafu punje zinaachia naitrojeni, zinaanza upya."

"Hayo matundu nani ametoboa?" Paddy aliuliza. "Sindano gani hiyo?"

"Hakuna sindano. Kiwandani wanapika madini mpaka yanakuwa unga wenye vitundu vidogo mno, macho hayavioni. Unga huo wanauchanganya na udongo, wanaviringa punje, wanachoma. Kati ya chembe na chembe hubaki matundu makubwa zaidi. Makubwa ni ya kuingilia, madogo ni ya kunasia. Yangekuwa madogo tupu, hewa ingechelewa kufika ndani. Yangekuwa makubwa tupu, naitrojeni isingenaswa."

Nerima aliangalia vidole vyake. "Makapi yetu yakiungua, yanaacha matundu kwenye sigiri."

"Basi wewe ndiye ungenifundisha mimi."

Nerima hakucheka. "Na Edgar?"

Fauziya aliusawazisha mpira puani mwa Sam. "Alipumua hivi muda gani kabla hamjamleta?"

"Tulingoja siku ya soko ipite. Tulikuwa tunampaka mafuta kifuani."

"Mpira ulimkuta amechoka sana, mama. Haukumuua. Ulichelewa kumfikia."

Afadhali angeachiwa mpira ule auchukie. Miezi yote hiyo ulikuwa ndio kitu chake cha kulaumu, na sasa umechukuliwa. Nerima alilia bila sauti, na Paddy akageukia ukuta. Lakini Fauziya alipoitwa kwa mgonjwa mwingine, Nerima ndiye aliyenyoosha mkono na kuushika mpira usitoke puani mwa Sam. Hakuuachia hata mkono ulipokufa ganzi.

Dawa ilifanya kazi yake, na oksijeni ikampa mtoto nguvu ya kuingoja. Siku waliyoruhusiwa kwenda nyumbani, Sam alinyonya hadi akasinzia.

Furaha haikurudi yote. Nerima bado alipita upande wa pili wa nyumba asilione kaburi.

Wiki chache baadaye, jirani yao Loy alikuja na bintiye mgongoni, mtoto akipumua haraka haraka. Nerima alifunua nguo, akatazama kifua cha mtoto. Kilikuwa kinabonyea.

"Mpeleke sasa hivi."

"Kesho, Mama Edgar. Leo nina mihogo ya kuanika."

"Mimi nilingoja, Loy."

Loy aliinamisha macho. "Na wakimwekea ule mpira?"

"Waache wamwekee," Nerima alisema, akanawa udongo mikononi. "Twende, nitaushika mimi."