Munkoyo wa Kando ya Mto

Mwezi wa tisa mabomba ya maji ya mtaa wa Kikula yalikuwa makavu. Kiwanda cha Panda, alikofanya kazi Bertin, kilikuwa kimya. Kolera ilikuwa imeingia mjini. Wakubwa wa komine, serikali ya mtaa, walikataza mikusanyiko na matembezi.

Lakini porini miti ilikuwa inatoa majani mapya, mekundu. Kila mwaka, wakati huo, Bertin alipeleka jamaa yake yote mtoni, upande wa Mulungwishi.

"Baba Princesse, wamekataza," alisema mkewe Émérence.

"Wamekataza watu wa soko. Shiye tuko wane tu. Kolera itatufuata mu pori na miguu yake?"

Mama mzazi wa Bertin, Kambo, yaani Bibi, Gertrude, alicheka. "Twende. Na miaka yangu hii, nitaona majani mapya mara ngapi tena? Minye nitapika munkoyo."

Jumamosi alipika uji wa mahindi, na ulipopoa akautia mizizi ya munkoyo, uwe kinywaji. Uji ulikuwa umechemka sana. Émérence akatulia moyo.

Jumapili walitembea hadi mtoni. Princesse, binti yao wa miaka sita, alikimbia mbele. Walipofika, munkoyo ulikuwa mzito, tena umepata moto kwa jua. Kambo alifanya kama alivyofundishwa na mama yake. Alichota maji ya mto, akamwaga ndani ya bidoni, lile dumu la munkoyo, akatikisa.

"Sasa iko baridi. Mukunywe."

Maji yalikuwa maangavu. Mawe ya chini yalionekana. Kambo alikunywa vikombe viwili. Princesse alikunywa kimoja.

Jumanne asubuhi Kambo alianza kuhara. Yalitoka maji matupu, kama maji ya kuoshea mchele. Alitapika pia.

"Niite Mama Orpha?" Émérence aliuliza. Orpha, jirani yao, alikuwa muuguzi.

"Apana. Watu watajua tulitoka. Na usimupe maji, itazidisha kuhara."

Kambo aliomba maji. Bertin alimnyima. Aliomba tena. Mchana macho yake yalikuwa yameingia ndani, na Princesse naye akaanza kuhara. Émérence hakuuliza tena. Alikwenda mbio kwa Orpha.

Orpha alishika ngozi ya mkono wa Kambo. Ilibaki imekunjamana.

"Alianza saa ngapi?"

"Asubuhi," Bertin alisema. "Niliona haya."

Orpha aliuachia mkono. Alimgeukia Émérence. "Lete litre moja ya maji iliyochemka na kupoa. Tia vijiko vidogo sita vya sukari, visijae kupita ukingo. Chumvi, nusu kijiko. Wape kidogo kidogo. Akitapika, ngoja dakika kumi, umupe tena."

"Lakini maji inawatoka, Mama Orpha."

"Njo maana unawarudishia. Kolera inaua kwa kukausha mwili. Tuwapeleke kituo cha afya sasa. Wanywe hata mu njia."

"Munkoyo ilichemka," Bertin alisema. "Niliona na macho yangu."

"Na maji ya kuipunguza uzito, mulichemsha?"

"Apana. Tulichota mu mto," Émérence alisema.

"Kule juu ya mto watu wanafua nguo za wagonjwa. Maji inaweza kuangaa na kolera iko ndani."

Waliwasukuma kwa kigari. Princesse alikunywa njia nzima, akapona. Kambo Gertrude alifariki kabla ya kufika.

Watu wa afya walimzika siku ile ile. Matanga yalikatazwa. Bertin alimwaga dawa chooni, akafunika shimo. Alichemsha kila tone la maji. Aliweka ndoo na sabuni mlangoni.

Kesho yake dada yake, Rosalie, alifika kutoka Panda na watoto wake saba. Bertin alisimama kwenye lango.

"Usiingie, dada. Lilia kwako."

"Weye ulimupeleka kwa mto. Minye unanikataza kumulilia?"

"Ndiyo."

"Hauna moyo, Bertin."

"Ni kweli. Lakini hauingii. Nawa mikono, wewe na watoto, murudi."

Rosalie alikaa ng'ambo ya barabara, akalia pale hadi jioni. Kisha akawachukua watoto wake, akaondoka bila kuaga.

Hakuna mwingine aliyeugua, si kwa Bertin, si kwa Rosalie. Lakini Rosalie hamsemeshi kaka yake mpaka leo. Kila Jumapili anapita mbele yake mlangoni mwa kanisa, amegeuza uso. Bertin huwatazama watoto wanaomfuata, akawahesabu mmoja mmoja. Wote saba wapo.