Oili ya Kinangop kwenye Joto la Hadado

Mshale wa presha ya oili ulianguka walipoingia kwenye mchanga mzito. Taa nyekundu ikawaka kwenye dashibodi, ikazima, ikawaka tena na kubaki. Chini ya boneti injini ikaanza kugonga, mlio mkavu, kama mtu anayepiga sufuria tupu kwa kijiko. Gitau alizima injini papo hapo. Gari kuukuu la wagonjwa likajikokota kidogo, likasimama katikati ya vichaka vya miiba, juani, maana kivuli hakikuwepo.

Nyuma, juu ya godoro, Arbia alikuwa ameuma ukingo wa shuka. Mtoto alimlalia kombo tumboni na damu ilimtoka tangu asubuhi. Fartun, muuguzi wa zahanati ya Hadado, alishika dripu kwa mkono mmoja na kiganja cha Arbia kwa mwingine.

"Mbona umesimama?"

"Nikiendelea injini itashika, vyuma vigandane. Ikishika, hatufiki Wajir leo wala kesho."

"Huyu kesho hana, Gitau."

Gitau akafungua boneti, akachomoa kijiti cha kupimia. Oili ilikuwepo, imepungua kidogo tu, lakini ilichuruzika kama chai ya rangi na kudondoka mchangani kabla hajaisoma. Hapo akajua kosa ni la nani, na aibu ikamchoma kuliko jua.

Gari lilikuwa limetoka kutengenezwa kwao Kinangop, na ni yeye aliyesisitiza litiwe oili nyepesi. Mtu wa Kinangop akiamka hupigana na baridi kwanza, mengine baadaye. Kule oili nyepesi huamsha injini kwa ufunguo wa kwanza, na Gitau alikuwa amejisifia jambo hilo kwa kila dereva wa Wajir aliyekubali kumsikiliza. Ukienda kwa wenye chongo, fumba lako jicho. Yeye alikuja na macho yote mawili na dumu la kwao. Sasa, katika joto hili, kwa injini iliyochakaa ikivuta mchanga kwa gia ya chini, oili ile ilikuwa imegeuka maji. Haikuweza tena kukaa kati ya chuma na chuma.

"Tungoje ipoe?" Fartun aliuliza.

"Ikipoa itatusogeza kidogo, kisha presha itaanguka tena. Inataka oili nzito. Nilikosea. Niliweka ya baridi."

Fartun alimtazama. Angemgombeza baadaye, na haki yake, lakini sasa alinyoosha kidole upande wa vilima vyeupe vya chokaa. "Kisima cha mashine kiko huko. Fuata nyayo za ngamia. Njia zao zikiungana, unakaribia maji. Zikiachana, umepotea, rudi nyuma. Na unywe sasa, ndio usianguke huko."

Akanywa, akaenda. Mchanga ulipenya viatuni na kumchoma nyayo. Miiba ilimrarua shati, mate yakakauka, ulimi ukawa mzito. Mahali fulani njia za ngamia ziligawanyika mbele yake, moja huku, moja kule, na moyo wake ukamwambia aendelee tu. Hakuusikiliza. Alirudi mpaka nyayo zilipokuwa nyingi, akashika upande wa pili, na baada ya mwendo wa kukatisha tamaa akasikia mlio wa jenereta. Alitaka kukimbia, miguu ikakataa, basi akatembea.

Ngamia walikuwa wamejaa kisimani, wakisukumana kwa shingo. Olow, mwangalizi wa mashine, alimpokea kwa kikombe cha maji kabla ya swali lolote.

"Bole, walaal, ndugu yangu. Kunywa kwanza. Maneno nakuja baadaye."

Gitau alikunywa, kisha akaeleza yote. Olow akamwonyesha madumu mawili kwenye kibanda. Moja lilikuwa na oili ya injini ya namba arobaini, nzito ya kufaa joto, jingine na oili ya giaboksi.

"Chukua hii ya giaboksi. Hii nzito zaidi. Ile ingine niachie."

Ilikuwa rahisi kukubali. Oili ile haikuwa na mwenyewe, na Gitau angeondoka bila kumuumiza mtu. Akainamisha dumu. Oili ikatambaa kama uji wa mtama uliolala.

"Hii haitafika juu ya injini," alisema. "Itachelewa njiani na vyuma vitakauka vilevile. Nyepesi imeniumiza, na hii itanimaliza. Nipe ya arobaini."

Uso wa Olow ukabadilika. "Mashine nakula oili sana. Nilikuwa naongeza hii sasa hivi. Nikikupa, nazima." Akaelekeza kidevu kwenye birika la kunyweshea ngamia. "Oili ni ya maji, na maji ni ya mwenye zamu. Hapa hivyo ndio sheria. Uliza yule mama."

Mwenye zamu alikuwa Filsan, mwanamke mrefu mwenye midomo iliyopasuka kwa kiu. Ngamia wake wa kwanza ndio kwanza wameinamisha shingo. Wengine, waliotoka mbali kuliko mifugo yote pale, walikuwa bado wanasubiri. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone, ila mgeni huyu alikuja kumzimia mwenyeji maji. Filsan alisikiliza, akauliza jambo moja.

"Mama mgonjwa ni ya nani?"

Gitau alijua swali hilo. Alikuwa anaulizwa ukoo, na jina lisilofaa lingeweza kuharibu kila kitu. "Sijui, mama," alisema. "Najua damu inamtoka."

Filsan aliwatazama ngamia wake kwa muda mrefu. Wachungaji walio nyuma yake wakaanza kunung'unika, akawanyamazisha kwa mkono.

"Chukua. Ngamia nafumilia. Damu hafumilii."

Olow akazima mashine. Kimya kilichofuata kilimuuma Gitau, maana ngamia wote waliinua vichwa kwa pamoja. Olow alifunga dumu la oili na la maji juu ya punda wake, akachukua spana. "Mashine imelala, nakaa hapa nafanya nini?" Akatangulia, akikata njia ya mkato.

Fartun alikuwa amelowesha shuka kwa maji ya mwisho na kuitandaza juu ya Arbia. "Mapigo yanakimbia," alisema tu.

Gitau akajisukuma chini ya gari, akalegeza nati ya kumwagia oili. Oili, ambayo jua halikuiacha ipoe, ikamwagikia mkono na ngozi ikainuka. Alipiga kelele, lakini nati hakuiachia. Aliimwaga ile nyepesi kiasi cha nusu, kwa sababu dumu la Olow lisingetosha kujaza injini nzima. Akakaza. Olow akamimina ya arobaini taratibu, isipotee hata tone.

"Sasa zimechanganyika," Olow alisema kwa wasiwasi.

"Hazigombani. Uzito utakaa katikati, na katikati inatutosha."

Akawasha. Taa nyekundu ikabaki. Ikabaki bado. Kisha ikazima, mshale ukapanda ukitetemeka, ukasimama. Kugonga kukaisha. Olow akapiga bodi ya gari kwa kiganja. "Nenda! Nenda!"

Gitau aliendesha bila haraka ya kijinga, akichagua ardhi ngumu, jicho moja njiani na jingine kwenye mshale. Jua lilikuwa limeinama walipoingia lango la hospitali Wajir, na Arbia akapelekwa moja kwa moja kwenye chumba cha upasuaji.

Aliketi kwenye ngazi, mkono ukimwaka, mpaka Fartun alipotoka na damu kwenye mikono ya gauni.

"Arbia yuko hai. Msichana pia. Analia kama anadai haki yake."

Gitau akalia waziwazi, mbele za watu, na hakujali. Kisha akajipangusa, akainuka.

"Unaenda wapi? Mkono huo utafungwa."

"Dukani. Oili ya arobaini."

"Wallahi, Gitau, kesho."

"Filsan bado hajanywesha."

Fartun aligeuka. Akaingia ndani, akarudi na bandeji na chupa kubwa ya maji, akapanda kiti cha mbele cha gari.

"Leta mkono," alisema. "Nitaufunga ukiwa unasubiri duka likuhudumie."