Chumba Kisicho na Dirisha

Jua lilikuwa linazama nilipofika ofisi ya tiketi, na mlinzi alikuwa ameshaanza kushusha mlango wa chuma. Nilimwomba dakika kumi tu. Akaniambia niingie, kuna mtu ndani.

Shughuli yangu ilikuwa ndogo: kuchagua vyumba. Mama mkwe wangu alikuwa anatimiza miaka sabini, na mume wangu, fundi wa lifti asiyejua kupumzika, alikuwa ameamua kwamba familia nzima tutapanda meli ya matembezi kwa siku tano. Tulikuwa watano. Mimi, yeye, mama yake, binti yetu wa miaka minane tuliyemwita Kasuku kwa sababu mdomo wake haukupoa, na mdogo wake Bonge, mwenye miaka mitatu na mashavu ya watu wawili.

Mama mkwe alikuwa na sharti moja tu. Alilitoa asubuhi ile, mimi nikiwa kwenye cherehani yangu.

"Chumba changu kiwe na dirisha. Hata likiwa dogo kama sahani."

Angeishia hapo, leo nisingekuwa na la kusimulia. Lakini yule mama alikuwa na ulimi wa pilipili. Alilinyanyua gauni nililomshonea kwa ajili ya safari ile, kazi ya wiki mbili, akaligeuza huku na huku, akasema lingefaa kumfunika kuku anayeatamia. Mbele ya wateja wangu. Wateja wakacheka, na mimi nikacheka. Mtu akikuchoma mwiba mbele za watu, unacheka kwanza. Damu utaifuta baadaye.

Miaka kumi na moja ya ndoa hakuwahi kuniita mwanangu. Aliniita "wewe".

Ndani ya ofisi iliwaka taa moja tu. Dada wa tiketi niliyezoea kuongea naye kwa simu hakuwepo. Kwenye kiti chake alikaa mwanamke wa umri wa mama mkwe, mrefu, amejitanda kitambaa cha kijivu hadi kwenye nyusi. Palinuka... si uvundo hasa. Kama nguo zilizosahauliwa kwenye ndoo.

Hakunisalimia. Alinisogezea ramani ya meli. Vyumba vyenye roshani vilipakwa rangi ya manjano, vyenye dirisha buluu, na vile vya ndani kabisa, visivyo na dirisha, vilikuwa vya kijivu.

"Mko wangapi?" aliuliza kwa kunong'ona, kama mtu aliyekaukiwa na koo.

Nikamwambia watano.

"Sita."

Nikamhesabia kwa vidole. Alinisubiri nimalize, kisha akaweka kidole kwenye vyumba viwili vilivyopakana, chenye dirisha na cha ndani, vikiwa na mlango wa kati. Kidole chenyewe kilikunjamana kama cha mtu aliyefua kutwa nzima. Pale kilipogusa, karatasi ililowa.

Akanieleza polepole kwamba mimi na mume wangu na mtoto mdogo tukae penye dirisha, bibi na mjukuu wake walale ndani. Humo hamna mwanga wala kelele, alisema. Mtu analala mpaka ashibe.

Nikamwambia mama anataka dirisha.

"Najua anachotaka," akasema.

Ilinipasa nisimame niondoke. Badala yake nilimkumbuka kuku anayeatamia. Nikachukua kalamu, nikatia sahihi.

Kesho yake asubuhi dada wa tiketi alinipigia simu. Alikuwa amekuta fomu yetu mezani, imejazwa yote, na alitaka kujua nani alinifungulia, maana jana aliumwa na kichwa akaondoka saa kumi. Halafu akaniuliza kwa upole kama nina uhakika na chumba cha ndani kwa mtu mzima wa miaka sabini. Bado kulikuwa na nafasi penye madirisha. Kubadilisha ni jambo la dakika moja.

Mwili ulinisisimka. Lakini hasira ya jana ilikuwa bado mbichi, na hasira hairuhusu hofu ikae mbele. Nikamwambia aache hivyo hivyo.

Siku ya safari, mhudumu wa vyumba, mwanamume mnene mwenye tabasamu la kazi, alitupeleka hadi kwenye korido yetu. Alifungua chumba cha ndani kwanza. Vitanda viwili chini, na juu yake kitanda cha tatu kilichokunjwa ukutani kama mlango wa kabati. Alituonyesha kwamba kimefungwa kwa ufunguo kwa kuwa wanaolala humo ni wawili tu. Akatuonyesha pia kijisanduku cha ukutani: ukichomeka kadi ya mlango taa zinawaka, ukiichomoa zinazimika.

Mama mkwe alisimama kizingitini. Aliangalia kuta zote nne. Nilijiandaa kwa matusi, lakini hayakuja. Uso wake ulipauka tu.

"Nani amechagua?" aliuliza.

Nikasema ofisi ndiyo iliyopanga. Mume wangu akataka tubadilishane vyumba palepale. Mama yake akakataa. Alisema, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, kwamba mtu hukimbia mpaka miguu ichoke.

Jioni ile kitanda cha juu tulikikuta kimefunguliwa.

Kimetandikwa vizuri, mto katikati, na kwenye mto pamebonyea. Mhudumu aliitwa. Aliapa kwamba hajakigusa, akakikunja, akakifunga kwa ufunguo, akautia ufunguo mfukoni mbele yetu. Asubuhi kilikuwa wazi tena. Shuka lilikuwa na unyevu.

Kasuku hakuona ajabu yoyote. Tukiwa tunakunywa chai alituarifu kwamba bibi wa juu anakohoa sana, na akikohoa maji yanamtoka. Mume wangu akacheka, akasema mtoto ana ndoto ndefu. Mimi nilimtazama mama mkwe. Alikirudisha kikombe mezani bila kunywa.

Siku ya tatu, saa sita mchana, wote wakiwa juu kwenye jua, nilishuka kumchukulia Kasuku sweta. Nilichomeka kadi, taa zikawaka. Kitanda cha juu kilikuwa kimekunjwa. Nikashusha pumzi. Nikainama kwenye sanduku la nguo...

Nyuma yangu nikasikia kadi ikichomolewa.

Tk.

Wewe usiyewahi kuingia chumba cha ndani ya meli, hujui giza. Nje jua la utosi, watu wanaogelea, na mimi sikuuona mkono wangu puani. Nilibaki nimeinama. Mlango haukuwa umefunguka. Hapakuwa na hatua za mtu.

Kisha tone la maji likanidondokea shingoni.

La baridi. Na jingine.

Harufu ile ya ndoo ikajaa chumba kizima. Juu yangu, karibu sana, chuma cha kitanda kikalia kikishuka taratibu... taratibu... Kitu kikavuta pumzi, pumzi yenye maji ndani yake.

"Mwambie zamu yangu imekwisha."

Sijui nilitokaje. Mhudumu alinikuta koridoni nimekaa sakafuni, sweta nimelikumbatia, mgongo wa gauni langu umelowa chapa.

Sikumwambia mume wangu. Nilimwendea mama mkwe, nikamvuta pembeni ya meli, penye upepo. Kwanza nikakiri kwamba chumba nilikichagua mimi, kwa kusudi, kwa ajili ya gauni. Nilitegemea anipasue. Alinitazama tu, akasema gauni lile lilikuwa zuri, na ndiyo maana alilisema vibaya. Kisha nikamfikishia ujumbe.

Alichonieleza kilikuwa kifupi. Alipokuwa na miaka kumi na saba alisafiri kwa meli na dada yake mkubwa. Walipata kijichumba cha chini, hakina dirisha, kina kitanda kimoja, wakawa wanalala kwa zamu. Siku ya pili ilikuwa zamu yake kulala. Alimwomba dada yake wabadilishane, kwa sababu juu kulikuwa na muziki. Dada alikubali. Meli ilipopasuka, maji yaliingia chini kwanza.

"Ilikuwa zamu yangu," alisema. "Miaka hamsini na tatu amelala mahali pangu."

Nikamwambia tutahama, tutalala hata kwenye viti vya ukumbini. Akageuka, akashuka ngazi.

Jioni, baada ya chakula, alimleta Kasuku chumbani kwetu kwa mkono, na mto wake na sweta lake. Akaniambia maneno machache.

"Kaa naye. Usifungue mpaka ufunguliwe."

Akaurudisha mlango wa kati, akaufunga kwa upande wake.

Mume wangu alidhani mama amechoka na kelele za mtoto. Akawasha televisheni, akasinzia nayo. Mimi nilikaa sakafuni, sikio kwenye mlango. Mwanzoni nilisikia sauti ya mama mkwe peke yake, chini chini, kama anayemsimulia mtu habari za siku nyingi. Nyumba, ndoa, watoto. Kisha zikawa sauti mbili. Zilifanana mno, nikashindwa kujua ipi ni ipi. Mmoja alilia. Mmoja alicheka kidogo, kama wasichana wanavyocheka.

Kisha maji. Si matone sasa, maji mengi, yanayomiminika.

Chuma cha kitanda kikalia. Kikajibamiza ukutani.

Kimya.

Mlango ulifunguliwa. Mama mkwe alisimama pale amevaa gauni nililomshonea, lile lile la kuku anayeatamia, nywele zake mbichi, anatabasamu. Chumba nyuma yake kilikuwa kikavu. Kitanda cha juu kilikuwa kimekunjwa.

"Bado hujalala, mwanangu?" akaniuliza.

Nikampita, nikaingia chumba cha ndani, nikafungua mlango wa koridoni.

Wakati huohuo mhudumu alikuwa anapita na taulo. Nilimvuta ndani, nikamwomba anyamaze, tukasikiliza. Ndani ya ukuta, nyuma ya kile kitanda kilichofungwa, kucha zilikuwa zinakwaruza. Kidogo. Zinaacha. Zinakwaruza tena. Mhudumu alitoa ufunguo. Akaniuliza kwa kunong'ona kama afungue.

Mkono ukanishika begani. Mkono wa baridi, laini.

"Hakuna kitu humo, mwanangu," alisema nyuma yangu.

Nilikuwa na sekunde ngapi? Mbili, labda tatu. Nilijua. Msishangae, nilijua. Na hofu ya kuona kilichomo ilikuwa kubwa kuliko huruma yoyote niliyowahi kuwa nayo.

"Usifungue," nikamwambia mhudumu.

Kucha zikakwaruza mara moja zaidi, kwa nguvu. Halafu hazikusikika tena.

Tuliteremka siku ya tano. Mhudumu hakuja kutuaga. Baadaye dada wa tiketi alinidokeza kwamba yule mhudumu aliacha kazi bandarini palepale, na kwamba kile kitanda kilifunguliwa na mafundi wa meli, hakikuwa na kitu ila godoro lililolowa.

Sasa ni miezi minane. Mama mkwe ana afya. Anawaimbia watoto, anapika bila kunung'unika, wateja wangu wanamsifu. Majina ya majirani aliyasahau yote ikabidi ajifunze upya. Daktari alisema ni umri. Mwezi uliopita nilimpima gauni jipya. Mzee hupungua kimo, haongezeki. Huyu amemzidi yule kwa inchi tatu. Nilinyoosha utepe mara mbili nikidhani nimekosea, na yeye akasimama wima, ananiangalia, ananisubiri niseme.

Niliandika vipimo vipya. Vya zamani nikavichana.

Mume wangu naye hasemi kitu, lakini tangu tulipotoka melini hajamwita mama. Anamwita bibi, kama watoto. Kasuku ndiye aliyebadilika zaidi. Ameacha kuongea ovyo.

Juzi niliugua homa kali. Aliyekesha nami ni mama huyu. Aliniwekea kitambaa cha maji usoni, akanilaza kichwa mapajani pake, akanichezea nywele, akaniita mwanangu, mwanangu, mpaka mwili ukapoa. Katika maisha yangu hakuna mwanamke aliyewahi kunibembeleza vile. Nilimfikiria yule mwingine, na ulimi wake, na kucha zake. Nikafumba macho.

Nililala usingizi mzuri sana.