Dada Aliyemficha Jini

Saa nne asubuhi, wenzake wakinywa chai, fundi wa maabara alisikia kitu kikijikuna ndani ya nta. Kra, kra. Akazima mashine ya kukatia. Kra. Ndani ya nta ile, iliyogandishwa ili ikatwe nyembamba na kupimwa, mlikuwa na kipande cha ngozi ya mdogo wake wa kike, kidogo kama punje ya mchele.

"Mungu wangu," alinong'ona.

Miaka minne mdogo mtu alisumbuliwa na mabaka yanayowasha, tena mahali pasipoonwa na jua: mapajani, kiunoni, chini ya matiti. Mara mbili walikata kipande wapime, mara mbili majibu yakawa pumu ya ngozi. Mama yao aliposema ni jini, wakamcheka. Haya, chekeni sasa!

Akakata, akabandika kwenye vioo, akatia rangi, akavibeba kwenda kwa daktari wa darubini. Ukumbini akanusa dawa, ile dawa ya mwasho aliyokuwa akimpaka mdogo wake kila jioni, na kadiri alivyoharakisha ndivyo harufu ilivyomkaribia, mpaka ikamfika shingoni, ikapumua, ikasema kwa upole wa mgeni anayeaga wenyeji: "Ahsante, dada. Kila walipokuja kunitafuta, ulinificha."

Alifika akishika ukuta.

Daktari aliangalia kwa muda mrefu. "Safari hii hakupakwa dawa?"

"Wiki tatu sasa. Iliisha dukani."

"Na mara zile mbili?"

"Mlituambia tuache kabla ya kipimo, daktari. Lakini alikuwa analia kwa kuwashwa. Nikampaka kwa siri."

Daktari akavua miwani. "Dawa ile hutawanya seli mbaya kwa muda, sisi tukaona ngozi ya kawaida. Hii ni saratani ya limfu, ya seli za kinga ya mwili, inayoanzia kwenye ngozi. Ni adimu, na mwanzoni huenda polepole. Na kwa jinsi tezi zake zilivyovimba, sasa imeshafika huko."

Alasiri alimkuta mdogo wake kitandani, akamwambia jina la ugonjwa. Hakuweza zaidi ya hapo.

"Usilie, dada," mdogo mtu akamfuta machozi. "Bila wewe nisingelala hata siku moja."

Roho ilimuuma asikwambie mtu. Akaamua kusema ukweli wote, kwamba dawa aliyompaka ndiyo iliyouficha ugonjwa, liwalo na liwe. Akafungua kinywa, na kinywani mwake mkatoka sauti ile ya upole ya kule ukumbini, isiyo yake:

"Lala, mdogo wangu. Dada yupo."