Chama cha Akwii Chashtakiwa

Alupo huuza mitumba Malaba, mpakani, karibu na foleni ya malori. Jumanne hiyo hakuuza hata soksi. Binti yake, Akwii, alikuwa amerudi kutoka chuo kikuu na barua, na barua yenyewe haikuwa ya heri.

Akwii ni mwenyekiti wa chama cha wanafunzi wa kabila la Wateso. Kila mwaka chama hukaribisha wageni, yaani wanafunzi wapya, kwa chungu cha ajon, pombe ya wimbi inayonywewa kwa mirija mirefu. Mwaka huu mgeni mmoja, Aguti, alilazimishwa kunywa. Alizidiwa, akalazwa siku mbili, kisha akashtaki. Sasa chama kimesimamishwa, na Akwii ameitwa mbele ya kamati ya nidhamu. Amebakiza muhula mmoja amalize masomo.

Alupo aliogopa sana. Nyumbani kwao kosa humalizwa na familia mbili na mbuzi mmoja. Basi akafunga mbuzi kamba. Jirani yake Brigid, aliyekuwa karani wa chuo mpaka akastaafu, alikuwa ameshasikia habari ya barua, akamkuta njiani.

"Mama Akwii, huyo mbuzi anaenda wapi?"

"Kwa kina Aguti. Tuombe msamaha, msichana aondoe kesi."

"Ukifika huko, kamati itasema mmeenda kumnyamazisha. Mtakuwa na kesi mbili. Rudi, nisome hiyo barua."

Brigid aliisoma mara mbili. Akaeleza kuwa kusimamishwa si kuhukumiwa. Chama kinangoja uchunguzi tu. Akwii ana haki ya kuambiwa kosa, kujibu kwa maandishi na kuleta mashahidi. Asiporidhika, anaweza kukata rufaa kabla siku zilizotajwa kwenye kanuni za chuo hazijaisha. Aguti naye ana haki ya kusikizwa bila kutishwa wala kubembelezwa.

Kisha akamgeukia Akwii. "Sasa niambie ukweli. Ilikuwa aje?"

Akwii akajibu: "Wavulana wawili ndio walimshika. Lakini alisema hataki, na mimi nilikuwa hapo. Nilicheka."

"Andika hivyo."

"Wakimfukuza je?" Alupo akauliza.

"Wanaweza. Lakini wakimshika na uongo, itakuwa mbaya zaidi."

Wiki mbili Alupo hakulala vizuri. Simu ikilia, anashtuka. Siku ya kikao, kamati ilimsikiza Aguti kando, kisha Akwii, kisha mashahidi. Wavulana wale walisimamishwa masomo. Chama kilifungwa mwaka mzima, na kikifunguliwa hakitaweka pombe mbele ya wageni. Akwii aliondolewa uongozi, akapewa onyo la maandishi, akaruhusiwa kumaliza.

Alupo alilia kwa furaha. Akwii hakulia. Alisema kuwa Aguti alikuwa ameshafunga mizigo aache chuo, kwa sababu wenzake walimwita mwongo. Lakini maelezo aliyoandika Akwii yaliposomwa kikaoni, hakuna aliyemwita hivyo tena.

Hapo Alupo akaona haya. Siku zote hizo alikuwa amemwombea binti yake peke yake.

"Na yeye amepona?" akauliza.

"Amepona, mama. Jana alirudi darasani."